Gari la Bamdogo na Kikomo cha Miaka Kumi

Wiki moja kabla ya usajili wa mwaka wa pili, bamdogo alinipigia simu kutoka Uingereza. Kwa kawaida anapiga Jumapili mchana, akiwa amepumzika. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa tano usiku kwa saa za huku, nikajua kuna jambo. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, ile ada iliyobaki nipe muda kidogo. Halmashauri wamekataa gari."

Nieleze kwanza. Bodi ya Mikopo inanilipia sehemu ya ada, si yote. Inayobaki inatoka kwenye gari la bamdogo, Toyota Prius ya mwaka 2014 anayobebea abiria katika mji mmoja wa katikati ya England. Kwa hiyo "wamekataa gari" ilikuwa habari yangu mimi pia.

Nilidhani limekamatwa. Nikauliza kosa ni nini: tairi, breki, bima? Akasema hakuna kosa. Gari lilipita ukaguzi mwezi uliotangulia bila tatizo. Shida ni kwamba limefikisha miaka 10, na halmashauri yake ina sera kwamba gari likifika umri huo haliongezewi leseni ya kubeba abiria. Basi.

Nilikasirika. Huku kwetu gari la miaka 10 mtu analifungulia soda! Nikaanza kuilaani halmashauri ya watu. Bamdogo akacheka kidogo, akasema, "Soma kwanza, mwalimu, ndo ulaumu." Ananiita mwalimu tangu nilipochaguliwa kusomea ualimu. Nikasoma, kwa bando la usiku, karibu wiki nzima. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata, kwa sababu sidhani kama ni mimi peke yangu chuoni hapa ambaye ada yake inategemea usukani wa ndugu aliye ng'ambo.

Nani anatoa leseni

Hapa Tanzania usafiri wa abiria barabarani unasimamiwa na LATRA, mamlaka moja ya taifa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. England haiko hivyo. Kule leseni za teksi ziko mikononi mwa serikali za mitaa, na halmashauri zenye kazi hiyo ni zaidi ya 250. Kila moja inaandika sera yake. London peke yake ina utaratibu wake, chini ya mamlaka ya usafiri ya jiji inayoitwa Transport for London.

Halafu magari yenyewe ni ya aina mbili. Ya kwanza ni teksi kamili. Hii unaweza kuipungia mkono barabarani ikasimama, au ukaikuta kwenye kituo chake. Sheria yake ya msingi nje ya London ni ya mwaka 1847, enzi za magari ya kukokotwa na farasi, na mpaka leo inatumika. Aina ya pili ni gari la kukodi kwa miadi. Hili lazima liagizwe kwanza kupitia kampuni yenye leseni, kwa simu au kwa programu. Ukilipungia mkono njiani, dereva haruhusiwi kukuchukua hata kama hana abiria na mvua inanyesha. Sheria yake ni ya mwaka 1976. Bamdogo yumo kwenye kundi hili la pili.

Kwa magari haya ya miadi zinahitajika leseni tatu: ya dereva, ya gari na ya kampuni inayopokea oda. Zote tatu lazima zitoke halmashauri moja. Tangu sheria ya 2015, leseni ya dereva kwa kawaida ni ya miaka 3 na ya kampuni miaka 5. Ya gari haivuki mwaka 1. Kwa hiyo kila mwaka gari linarudi mbele ya halmashauri kuomba upya, na hapo ndipo umri wake unapohesabiwa.

Sheria haisemi miaka kumi

Hili ndilo lililonishangaza. Nilitafuta "miaka kumi" kwenye sheria ya 1976, sikuiona. Sheria inaitaka halmashauri ijiridhishe kwamba gari linafaa kwa aina, ukubwa na muundo wake. Kwamba halifanani na teksi ya kupungia mkono, abiria wasije wakachanganya. Kwamba hali yake kimakanika ni nzuri. Kwamba ni salama. Na kwamba linamstarehesha abiria. Pia liwe na bima inayostahili. Umri haumo.

Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu halmashauri kuweka masharti inayoona yanahitajika. Kwenye mlango huo ndiko kikomo cha umri kilikoingilia. Halmashauri moja inasema miaka 10, jirani yake inasema 12 au 15, nyingine haina kikomo kabisa, inataka tu gari lipite ukaguzi. Nyingi zina kikomo cha pili pia, cha gari linapoingia kazini kwa mara ya kwanza: lisizidi, tuseme, miaka 5. Na magari yanayoweza kubeba mtu akiwa ndani ya kiti chake cha magurudumu mara nyingi huongezewa miaka, kwa sababu ni ghali na ni machache.

London walianza na kikomo cha miaka 15 kwa teksi zao mwaka 2012. Baadaye wakakishusha kidogo kidogo kwa teksi za dizeli za zamani hadi kufika miaka 12 mwaka 2022. Teksi mpya zinazoweza kutembea kwa umeme zikabakiziwa 15. Katika kipindi hicho jiji lilikuwa na mpango wa kuwalipa wenye teksi za zamani hadi pauni 10,000 ili waziondoe barabarani mapema. Yaani pale kikomo kilikuja na ratiba iliyojulikana miaka kadhaa mbele, na kikaja na fedha ya kupunguza maumivu. Barua ya bamdogo ilimpa wiki sita.

Halmashauri nayo ina hoja

Nilianza kusoma nikitafuta ubaya wa halmashauri. Sikuukuta kirahisi hivyo.

Abiria hawezi kukagua gari. Binti anayetoka zamu ya usiku saa nane, mgonjwa anayerudi hospitali, mlevi, mgeni aliyeshuka treni sasa hivi, hakuna hata mmoja atakayeinama kuangalia breki. Anaona kibao cha leseni nyuma ya gari, anaingia. Kibao hicho ni ahadi ya halmashauri kwamba kuna mtu ameshaangalia kwa niaba yako.

Na gari la kazi linachakaa kuliko la nyumbani. Gari la kawaida Uingereza linaanza kukaguliwa kila mwaka likifikisha miaka 3. Teksi inaanza ikiwa na mwaka 1. Ile Prius ya bamdogo ilikuwa imetembea zaidi ya maili 190,000, ambazo ni kilomita zaidi ya 300,000. Mwenyewe anasema kiti cha dereva kimechukua umbo la mgongo wake.

Halafu kuna hewa. Moshi wa magari umekuwa suala kubwa kule, na Desemba 2020 uchunguzi wa kimahakama London ulisema uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na pumu na kuishi karibu na barabara yenye magari mengi. Teksi si chanzo pekee cha moshi huo, lakini zinazunguka mjini kutwa kucha, na ni magari ambayo halmashauri ina nguvu nayo kupitia leseni. Gari la baba anayepeleka wanawe mpirani haina nguvu nalo kiasi hicho.

Jambo la mwisho lilinigusa kama mwalimu mtarajiwa. Halmashauri za England hukodi teksi na magari ya miadi kuwapeleka shuleni watoto wengi wenye ulemavu na mahitaji maalumu. Bamdogo mwenyewe ana safari hiyo kila asubuhi: anambeba mvulana wa miaka 8 asiyezungumza, pamoja na mama mmoja ambaye kazi yake ni kumsindikiza. Mimi ningekuwa mzazi wa yule mtoto, ningetaka gari liwe jipya iwezekanavyo. Siwezi kusema uongo.

Kipimo kinapima nini

Wenzangu wa elimu mnakumbuka somo la Upimaji na Tathmini. Kipimo kizuri kinahitaji vitu viwili. Kwanza uthabiti: ukipima leo na kesho, mimi nikipima na wewe ukipima, tupate jibu lile lile. Pili uhalali: kipimo kipime kile kinachodai kupima. Mtihani wa hisabati wenye Kiingereza kigumu unaweza kuwa na uthabiti, lakini kwa mtoto wa kijijini unapima Kiingereza, si hisabati.

Sasa chukua umri wa gari. Uthabiti wake ni mkubwa ajabu. Tarehe ya kusajiliwa haibadiliki, haihitaji fundi, haihongwi, na hakuna wa kubishana nayo. Karani anaangalia kadi ya gari, anatoa, anajumlisha, amemaliza. Ndiyo maana halmashauri zinaipenda. Ni rahisi na inawatendea wote sawa.

Uhalali wake ndio wenye mashaka. Sheria inauliza: ni salama, ni zima, linastarehesha? Umri unajibu: lilitengenezwa lini? Hayo ni maswali mawili tofauti. Gari la miaka 10 lenye dereva mmoja anayebadilisha oili kwa wakati linaweza kuwa zima kuliko gari la miaka 4 linaloendeshwa na madereva wawili kwa zamu, mchana na usiku, na kupelekwa gereji likigoma tu.

Hata kwenye moshi, umri unakosea. Birmingham wana eneo la hewa safi tangu Juni 2021. Gari linalochafua hewa kupita kiwango linalipa pauni 8 kwa siku kuingia katikati ya jiji. Lakini pale hawaulizi umri, wanauliza kiwango cha injini: ya petroli ifikie kiwango cha Euro 4, ya dizeli Euro 6. Prius ya bamdogo inatumia petroli na umeme, na inavuka kiwango hicho. Inaingia bila kulipa senti, huku dizeli ya 2014 ya mtu mwingine isiyofikia Euro 6 ikilipa. Gari ambalo ni safi vya kutosha kwa Birmingham lilikuwa limezeeka mno kwa halmashauri ya bamdogo.

Serikali kuu yenyewe imeliona hili. Mwongozo wake wa 2010 kwa halmashauri ulisema kwamba gari la zamani linaweza kabisa kuwa katika hali nzuri, na kwamba kikomo cha umri huenda kisifae. Ukapendekeza magari ya zaidi ya miaka 5 yakaguliwe mara nyingi zaidi, kwa mfano mara mbili kwa mwaka. Mwongozo mpya wa Novemba 2023 ukaenda mbele zaidi: halmashauri zisiweke vikomo vya umri, bali ziweke masharti yanayolenga jambo lenyewe, kama viwango vya moshi na usalama. Lakini mwongozo ni mwongozo. Halmashauri zinaushauriwa kuufuata, hazilazimishwi, na nyingi bado zina vikomo vyao.

Mpaka usiozuia gari

Kuna jambo jingine linalopunguza nguvu ya vikomo hivi. Gari la miadi likishapata leseni zake tatu kutoka halmashauri moja, linaweza kubeba abiria popote England. Kwa hiyo dereva aliyebanwa na masharti ya mji wake anaweza kuomba leseni mji mwingine, halafu akarudi kufanya kazi pale pale anapoishi. Mfano unaotajwa sana ni Wolverhampton, ambayo imetoa leseni kwa maelfu ya madereva wanaofanya kazi miji mingine kabisa. Wenyewe wanasema huduma yao ni ya haraka na ukaguzi wao ni mkali. Wanaopinga wanasema mji unaoona gari likipita kila siku hauna mamlaka kamili juu yake.

Madereva wenzake walimshauri bamdogo afanye hivyo. Alikataa kwa sababu moja: mkataba wa yule mtoto wa shule ulitaka gari lenye leseni ya halmashauri ile ile inayoutoa.

Fikiria basi matokeo. Kikomo kikali bila jirani kuwa nacho hakiliondoi gari la zamani mjini. Kinaliondoa kwenye daftari la mji huo, halafu kesho yake linarudi na kibao cha mji mwingine.

Barua yetu

Nilichojifunza mwishoni ndicho kilichotusaidia. Sera ya halmashauri si amri isiyovunjika. Chombo cha umma kilichopewa na sheria uwezo wa kuamua hakiruhusiwi kujifunga macho kwa sera yake. Lazima kiwe tayari kumsikiliza mwenye sababu ya kutaka atendewe tofauti, na kuliangalia shauri lake kwa uzito wake. Na gari la miadi likikataliwa, mwenye gari ana siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu.

Bamdogo anaongea Kiingereza kizuri cha barabarani, lakini barua za ofisi zinamtisha. Tuliiandika pamoja kwa simu, yeye akisema, mimi nikichapa, siku tatu. Hatukulalamika kwamba tunaonewa. Tulijibu maswali ya sheria moja moja. Usalama: matokeo ya ukaguzi wa miaka yote, ambayo kule yanaonekana wazi mtandaoni kwa namba ya gari. Uzima: risiti za gereji tangu alinunue. Moshi: kiwango cha injini. Starehe: picha za viti na buti. Mwisho tukaomba jambo dogo: mwaka mmoja tu, na wamkague mara nyingi wanavyotaka. Kwa sheria ya 1976 halmashauri inaweza kuita gari kwenye ukaguzi hadi mara 3 kwa miezi 12.

Walikubali. Miezi 12, ukaguzi kila baada ya miezi minne, gharama juu yake, bila ahadi ya mwaka unaofuata. Ilichukua wiki tano kupata jibu, na wiki hizo gari halikubeba abiria hata mmoja. Ada ililipwa kwa kuchelewa, nami nikasajiliwa wa mwisho mwisho. Yule mtoto alipelekewa dereva mwingine kwa muda, na kwa maelezo ya bamdogo alilia asubuhi zote za wiki ya kwanza.

Sasa niseme na upande usiotupendeza. Kwenye ukaguzi wa pili fundi alikuta boljointi ya mbele kushoto imeanza kulegea. Bamdogo hakuwa ameisikia. Ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Aliponiambia nilinyamaza kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kwenye barua kwamba gari halina tatizo lolote. Gari lilikuwa zima siku ile tulipoandika. Miezi minane baadaye halikuwa zima kabisa, na umri wake haukubadilika sana hapo katikati. Kilicholigundua tatizo lile ni fundi aliyeingia chini ya gari na tochi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na kikomo cha umri, lakini pia sikubaliani na dereva anayesema gari lake aachiwe tu kwa kuwa analitunza. Halmashauri inayotaka gari salama ikague usalama, na gari la zamani ilikague mara nyingi zaidi. Inayotaka hewa safi ipime moshi. Na ikiona lazima iweke miaka, itangaze mapema, miaka mitatu minne kabla, ili mtu anayenunua gari leo ajue litamlipa mpaka lini. Bamdogo aliponunua Prius yake, hicho kikomo hakikuwepo.

Leseni ile inaisha mwezi wa kumi. Ameshaanza kuangalia gari la miaka minne, na bei anazoona ni kama pauni 14,000, kwa mkopo. Mimi jioni nafundisha tuisheni watoto wanne wa kidato cha pili huku mtaani, ili ada ya mwaka wa tatu isimkute peke yake. Na kama una ndugu kule mwenye gari linalokaribia kikomo, usisubiri barua ifike. Mwambie aanze kutunza risiti za gereji leo.